Kijiji kikiangukiwa na sumu isiyoonekana, kinaanzia wapi kuinuka?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika kata moja kando ya ziwa, wilayani Sengerema. Nimesoma kwamba vijiji vilivyoangukiwa na mionzi ya Chernobyl bado vina watu. Wanalima, wanafuga, na mashirika yanapeleka miradi huko. Kwa nini wasihamishwe wote? Na unaanzaje kukiinua kijiji ambacho udongo wenyewe umeharibika? Nauliza kwa sababu kwenye vitongoji vyangu viwili watu wanachenjua dhahabu kwa zebaki, na akina mama wameanza kuogopa samaki na mboga zao wenyewe. Mmoja ni mjamzito, aliniuliza kama aache samaki kabisa. Nilikosa la kumjibu."

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Swali lako lina mambo matatu ndani yake, na la yule mama mjamzito ndilo la haraka kuliko yote. Nitalifikia mwishoni kwa kirefu, lakini kama unakutana naye leo, mwambie asiache samaki. Aache kukaa karibu na moto wa kuchomea dhahabu.

Sasa tuje Chernobyl. Kinu namba nne cha kituo cha umeme wa nyuklia kililipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, kaskazini mwa Ukraine, karibu kabisa na mpaka wa Belarus. Watu walihamishwa, tena wengi: wapatao 116,000 mwaka ule ule, na wengine zaidi ya 200,000 katika miaka iliyofuata. Lakini wingu lile lilidondosha mionzi kwenye eneo kubwa mno. Takriban asilimia 23 ya ardhi ya Belarus iliguswa, na ukijumlisha na maeneo ya Ukraine na Urusi, watu zaidi ya milioni tano walibaki wakiishi katika ardhi iliyoandikwa rasmi kuwa imechafuliwa. Hakuna serikali inayoweza kuhamisha watu milioni tano na kuwapa mashamba, shule na kazi mahali pengine.

Na wale waliohamishwa hawakupona kwa kuhama tu. Ripoti ya Jukwaa la Chernobyl, iliyoandaliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali za nchi tatu zilizoathirika, ilitoka mwaka 2005. Ilieleza kwamba waliobaki au kurudi vijijini kwao walikuwa wameyamudu maisha vizuri kuliko wengi waliopelekwa kwingine, ambako walikosa kazi na kujiona hawana nafasi. Usinielewe vibaya hapa. Kuna maeneo ambayo uamuzi wa kuyahama ulikuwa sahihi na bado ni sahihi. Kusini mwa Belarus kuna hifadhi ya Polesie iliyotengwa mwaka 1988, na sehemu kubwa ya ardhi ile hairuhusiwi kukaliwa wala kulimwa hadi leo. Ninachosema ni kwamba kati ya ardhi ya kuhamwa na ardhi safi kuna ardhi nyingi ya katikati, yenye watu, na watu hao ndio waliosahaulika kwa miaka kumi ya kwanza.

Ili uelewe namna walivyosaidiwa, lazima ujue sumu ile inamfikiaje mtu. Iodini-131 ilikuwa ya mwanzo na ya hatari sana kwa watoto. Inapungua kwa nusu kila siku nane, kwa hiyo baada ya miezi michache ilikwisha, lakini katika wiki zile za kwanza ng'ombe walikula majani yenye iodini hiyo na watoto wakanywa maziwa. Maelfu yao wakapata saratani ya tezi ya shingo, nyingi zikatibika. Kilichobaki ardhini ni sesiamu-137, ambayo huchukua miaka 30 kupungua nusu, na kwa kiasi kidogo strontiamu-90. Mmea hauwezi kutofautisha vizuri sesiamu na potasiamu. Udongo ukiwa na njaa ya potasiamu, mizizi huivuta sesiamu kwa pupa.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Vijiji viwili vinaweza kuwa na sesiamu sawasawa ardhini, lakini maziwa ya kimoja yakawa salama na ya kingine yakazidi kiwango mara kadhaa. Udongo wa mfinyanzi hushika sesiamu na kuibana. Udongo wa kichanga na wa mbuga zenye mboji nyingi, kama ulivyo wa eneo lile la Polesie, huiachia iende kwenye majani. Kwa hiyo ramani ya rangi nyekundu na njano iliyotundikwa ofisini haikumwambia mama yeyote kama kikombe alichompa mtoto wake asubuhi ile kilikuwa salama. Ilimwambia tu kwamba anaishi pabaya.

Serikali ya Kisovieti na baadaye ya Belarus zilifanya kazi kubwa ya kilimo, na lazima ziheshimiwe kwa hilo. Zilimwaga chokaa na mbolea ya potasiamu, zikalima kwa kina ili tabaka la juu lizikwe, zikapanda malisho mapya. Ng'ombe wa nyama walilishwa majani safi miezi miwili mitatu kabla ya kuchinjwa, maana sesiamu hutoka mwilini mwa mnyama katika muda wa wiki kadhaa. Iligundulika pia kwamba rangi iitwayo buluu ya Prusia, ng'ombe akiila kidogo kila siku, huinasa sesiamu tumboni ikatoka na kinyesi, na maziwa yakashuka mara kadhaa, pengine hata mara kumi. Na ukitengeneza siagi, sesiamu karibu yote inabaki kwenye maziwa yaliyoenguliwa.

Lakini kazi hii ilielekezwa kwenye mashamba makubwa ya ushirika. Maziwa ya mashamba yale yalipimwa, yakafaulu, yakauzwa. Mwananchi alikuwa na ng'ombe wake mmoja au wawili, waliochungwa kwenye malisho ya kijiji kando ya bwawa na msituni, ambako hakuna aliyemwaga mbolea yoyote. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyonywewa na watoto, na hayakuingia kwenye takwimu za mtu. Wewe unayefanya kazi Usukumani unalielewa hili bila kuelezwa zaidi. Ng'ombe wa familia analala nyumbani na kula malisho ya wote.

Mwaka 1996 kikundi cha wataalamu kutoka Ufaransa kilifika Olmany, kijiji cha wilaya ya Stolin, magharibi mwa Chernobyl, ndani ya Belarus. Mradi wao uliitwa ETHOS. Walikuwa na watu wa mionzi, wa kilimo na wa elimu ya jamii, na jambo la kwanza walilolifanya lilikuwa kusikiliza. Akina mama waliuliza swali moja kwa namna nyingi: naweza kumlea mtoto wangu hapa au siwezi? Wataalamu hawakulijibu. Walisema, tupime pamoja. Vikaundwa vikundi, akina mama kwao, wafugaji vijana kwao, walimu na wanafunzi kwao.

Mambo yaliyojitokeza yaliwashangaza hata wenyeji. Majani makavu ya akiba ya majira ya baridi hayakuwa sawa: ya bonde moja yalikuwa na sesiamu nyingi, ya bonde jingine kidogo. Tangu awali yalikuwa yakichanganywa. Walipoanza kuyapima na kuyatenga, ng'ombe anayekamuliwa kwa ajili ya watoto akapewa majani safi, na yale mabaya akapewa mnyama asiyekamuliwa. Bila fedha mpya, bila ng'ombe mpya. Mtu mwenye ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, huko kwenu angeufanya mpango huo ndani ya siku moja, mradi ajue ngitili ipi ni ipi. Jambo jingine lilikuwa majivu. Kuni za msitu ule zina sesiamu, na zikiungua inabaki kwenye jivu, ikiwa nyingi zaidi kwa kila kilo kuliko ilivyokuwa kwenye mti. Jivu hilo watu walikuwa wakilimwaga bustanini kama mbolea. Walikuwa wanajirudishia msitu kwenye viazi vyao.

Kiwango cha Belarus kwa maziwa ni bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa lita. Mama aliyekuwa na karatasi inayosema maziwa ya ng'ombe wake ni 300 alikuwa na tatizo, lakini lilikuwa tatizo lenye ukubwa unaojulikana. Akibadilisha malisho, akapima tena na kupata 80, amefanya kitu. Nimesoma na kufundisha habari za mradi huu kwa muda mrefu, na sijaona jambo lenye nguvu kuliko hili: namba iwe mkononi mwa mwenye ng'ombe, na aijue kabla ya mkuu wa wilaya.

Baada ya hapo ndipo suala la kipato likaanza kuzungumzika. Katika awamu ya pili ya ETHOS, kati ya 1999 na 2001, wakulima wadogo wa Stolin walisaidiwa kulima viazi bora, kwa mbegu nzuri na mbolea ya kutosha. Potasiamu ile ile iliyozuia sesiamu ndiyo iliyoongeza mavuno. Kisha ukaja mpango mpana zaidi ulioitwa CORE, kuanzia 2003 hadi 2008, katika wilaya nne za Bragin, Chechersk, Slavgorod na Stolin. Uliunganisha afya, elimu ya mionzi shuleni, kumbukumbu za watu na uchumi wa kijiji, kwa sababu kijana haondoki kijijini kwa ajili ya bekereli peke yake. Anaondoka kwa kuwa hakuna kazi.

Ni muhimu ujue pia kilichotangulia. Mwaka 1991 Belarus ilitumia asilimia 22.3 ya bajeti ya taifa kwa mambo ya Chernobyl. Mwaka 2002 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 6.1. Katika nchi zote tatu, watu wapatao milioni saba walikuwa wakipokea posho au nafuu fulani kama waathirika. Fedha nyingi ziligawanywa vipande vidogo visivyoweza kumwinua mtu, na kila kipande kilimkumbusha kwamba yeye ni mgonjwa. Umoja wa Mataifa ulilisema wazi mwaka 2002 katika ripoti yake ya mkakati wa kupona: umaskini, hofu na kukata tamaa vilikuwa vinaumiza watu wengi kuliko mionzi iliyobaki. Baadaye Baraza Kuu la Umoja huo likautangaza muongo wa 2006 hadi 2016 kuwa wa kupona na maendeleo endelevu ya maeneo hayo.

Kuna wanaoipinga njia hii, na hoja yao ina uzito. Wanasema ukimfundisha mwanakijiji kuishi na sumu, unampunguzia mzigo aliyeimwaga. Mzigo wa kupima, kuchagua na kuhangaika unahamia kwa mama mwenye ng'ombe mmoja, na kampuni au serikali inaondoka kimya. Nakubaliana nao kwa sehemu. Kupima hakuwezi kuchukua nafasi ya wajibu wa aliyechafua, na ukiona mradi unaoleta vipimo bila kugusa chanzo cha uchafuzi, uutilie shaka. Lakini siwezi kukubali kwamba mama asubiri haki ipatikane ndipo ajue mtoto wake anakunywa nini.

Wajapani walijifunza kutoka Olmany. Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, Jacques Lochard, mmoja wa waliokuwa kwenye kazi ile ya Belarus, alishirikiana na wakazi wa kijiji kidogo cha Suetsugi katika mji wa Iwaki, nao wakapima nyumba zao, mboga zao na miili yao. Mkoa wa Fukushima ulianza mwaka 2012 kupima kila mfuko wa mchele uliovunwa, takriban mifuko milioni kumi kwa mwaka. Wavuvi wao nao walifanya jambo ambalo ningependa kila mwalo wa ziwa letu ulisikie. Juni 2012 walianza kuvua kwa majaribio, wakianza na pweza na konokono wa baharini, viumbe ambavyo vipimo vilionyesha ni safi, kisha wakaongeza aina moja baada ya nyingine. Kiwango cha serikali kilikuwa bekereli 100 kwa kilo. Wao wenyewe wakajiwekea 50. Uvuvi wa majaribio ulidumu hadi Machi 2021, ukiwa na siku chache na samaki wachache, lakini samaki wao aliingia sokoni akiwa na namba yake.

Mwanza tunaijua hali hiyo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka nchi zote tatu kwa sababu ya wavuvi waliosemekana kuvua kwa sumu ya wadudu. Mvuvi wa Ukerewe aliyetega nyavu zake kihalali aliadhibiwa sawa na aliyemwaga sumu, kwa sababu hakukuwa na namba ya kuwatenganisha. Soko lilifunguliwa tena pale nchi zetu zilipoweza kuonyesha ukaguzi na vipimo vinavyoaminika, na leo maabara ya ubora wa samaki ya Nyegezi ni sehemu ya uti wa mgongo wa biashara ya sangara. Kwa upande wa mionzi, Tume ya Nguvu za Atomu, yenye maabara Arusha, hupima vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Vyombo tunavyo. Vimezoea kumtumikia mnunuzi wa nje kuliko mama wa kitongojini, na hapo ndipo kazi yako ilipo.

Sasa zebaki. Kwanza tofauti kubwa: sesiamu inapungua yenyewe kwa miaka, zebaki haipungui kamwe. Kwa hiyo huwezi kuisubiri, lazima chanzo kifungwe. Pili, watu wako wanaogopa samaki, lakini hatari kubwa ya karibu ni mvuke. Mchenjuaji anapochoma donge la dhahabu na zebaki kwenye kikaango au kwenye jiko la nyumbani, mvuke unaingia mapafuni mwake na mwa kila aliye ndani, na unabaki kwenye kuta na nguo. Kuchomea ndani ya chombo kilichofungwa, chenye bomba la kuupoza mvuke urudi kuwa zebaki, kunamlinda mchenjuaji na kumrudishia zebaki aliyoinunua kwa fedha yake. Anza na hoja hiyo ya fedha, maana inasikilizwa haraka kwenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Tatu, angalia marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuchenjua, yanakokwenda. Marudio yenye zebaki yakipelekwa kuchenjuliwa tena kwa kemikali ya sayanaidi, zebaki inayeyuka na kusafiri na maji kwa urahisi zaidi. Hilo ni suala la baraza la mazingira, NEMC, na ofisi ya madini. Lifikishe kwa maandishi.

Ukitaka kuanza kama Olmany walivyoanza, usianze na semina. Chagua kaya chache ambazo zimekubali, na uulize wanachokula kweli kwa wiki nzima: dagaa wa wapi, sangara wa mwalo gani, mchicha wa bustani iliyo umbali gani kutoka kwenye karasha. Chukua sampuli za vyakula hivyo pamoja na udongo wa bustani na vumbi la sehemu ya kuchomea. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ipo Nyegezi. Andika barua kupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri, ukiomba gharama ziingie kwenye bajeti. Sampuli chache zilizochaguliwa na wanaokula zina faida kuliko mamia yaliyochukuliwa na mgeni. Samaki mpime kwa aina na ukubwa, ukiandika alikovuliwa.

Majibu yakirudi, mwenye chakula asomewe kwanza faraghani, kisha mkutano wa kijiji uelezwe bila kutaja nyumba ya mtu. Usiseme "hakuna shida" kama kuna namba iliyo juu, na usipime kitu ambacho huna njia ya kukibadilisha. Kumwambia mama kwamba mchicha wake una zebaki kisha ukapanda pikipiki ukaondoka ni ukatili. Nenda ukiwa na pa kuhamishia bustani, au pa kuhamishia kazi ya kuchomea, na hilo la pili ndilo linaloponya. Bwana shamba wa kata awepo siku hiyo, na mganga wa zahanati, na mwenyekiti wa wachimbaji. Huyo wa mwisho usimwache nje, hata kama wananchi wana hasira naye, kwa sababu moto anaushika yeye.

Wala usiwaite waathirika kwenye ripoti zako. Waite kwa kazi zao: wavuvi, wachenjuaji, wakulima wa mihogo.

Nimalizie na yule mama mjamzito. Zebaki iliyomo kwenye samaki hupanda kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo, na kadiri anavyoishi miaka mingi. Vipimo vingi vilivyochapishwa vya samaki wa Ziwa Victoria vimekuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumiwa sana kimataifa, na sangara wakubwa ndio wanaokikaribia zaidi. Kwa hiyo ale dagaa, ale sato na samaki wengine wadogo, tena mara nyingi, kwa sababu ubongo wa mtoto aliye tumboni unahitaji mafuta ya samaki na yeye mwenyewe anahitaji damu. Sangara mkubwa amle kwa nadra, na wanaovuliwa kwenye vijito vinavyotoka machimboni asiwale mpaka wapimwe. Mume wake kama anachoma dhahabu, asichomee nyumbani, avue nguo za kazi kabla ya kuingia, na nguo hizo zisifuliwe na mama huyo wala kulowekwa kwenye beseni moja na nguo za watoto. Mikono ya mama huyo ikitetemeka au akipata ganzi, aende kliniki na aseme waziwazi kwamba nyumbani kwao kunachomwa zebaki, maana mhudumu asipoambiwa hataiwazia. Akishajifungua, anyonyeshe.